Tepu Tatu za Kihaya

Wanaume walipomchukua Salumu kwenda kumzika, sisi wanawake tulibaki uani kwake, wengine kwenye mikeka, wengine kwenye viti vya plastiki kwa sababu ya magoti yetu. Mkwe wake, msichana mpole aliyetoka Mwanza, aliniletea chai na kuniuliza kwa adabu nilijuanaje na marehemu, maana mimi ni Mkatoliki wa Izigo, naye alikuwa Mwislamu wa mjini Bukoba ambaye babu yake alikuja huku na biashara kutoka pwani. Nikamwambia tulifanya kazi pamoja mwaka mmoja, enzi za Mwingereza. Akauliza kazi gani. Nikasema, "Tulikuwa tunawafundisha wazungu Kihaya kwa mashine." Akanitazama kidogo, akanijazia kikombe, kisha akaingia jikoni, na kwa kuwa masikio yangu bado ni mazuri nilimsikia akimwambia mwenzake, "Yule bibi msiba umemchanganya. Msimwache aondoke peke yake."

Sikuwa nimechanganyikiwa. Ila niliporudi nyumbani niligundua kwamba waliokuwa wakiijua kazi ile wamekwisha wote, nimebaki mimi, na kwamba jambo nililolifanya ndani ya mwaka ule sijawahi kumweleza mtu kwa ukamilifu wake. Habari za wazazi wangu na ukoo wetu nitaziacha. Inatosha kusema nilikuwa na miaka kumi na tisa, jina langu Leokadia, nimemaliza chuo cha ualimu na ninasubiri kupangiwa shule.

Mwaka wenyewe ulianza na miguu ya Yustina. Yustina alikuwa jirani yetu Izigo, amenizidi kama miaka minane, ana mimba kubwa, na miguu yake ilikuwa imevimba hata viatu vya mumewe vikawa havimtoshi. Mama yake alikuwa mkunga, tena mkunga aliyejulikana Ihangiro nzima, lakini ni yeye mwenyewe aliyesema miguu ile haipendi, binti yake apelekwe Bukoba akaangaliwe. Kwa kuwa mimi nilijua Kiswahili cha shule na Kiingereza kidogo, nikatakiwa nimsindikize. Tulipanda lori la kahawa alfajiri, tukafika hospitali jua limeshachomoza, tukakaa kwenye benchi refu la kliniki ya wajawazito tukila ndizi baridi tulizofungiwa kwenye majani. Muuguzi mkuu alikuwa mwanamke wa Kiingereza aliyeitwa na wote Sista Hilda, ingawa hakuwa mtawa; ndivyo walivyoitwa wauguzi wakubwa. Alikuwa mrefu, mikono mikubwa, nywele zimekatwa fupi kama za mwanamume. Alikuwa amekaa Dodoma kabla ya kuja kwetu na Kiswahili chake kilikuwa kizuri, lakini wanawake wengi wa vijijini wakati ule walikuwa hawakijui Kiswahili, kwa hiyo alikuwa ameanza kujifundisha Kihaya kutoka kwenye kijitabu. Yustina alipoingia, Sista alitabasamu, akamwekea mkono begani, akamuuliza swali kwa Kihaya. Yustina akasimama, akajifunga kanga yake vizuri, akasema, "Leokadia, twende nyumbani."

Kihaya kina neno fupi la herufi nne, enda. Ukilitamka kwa sauti ya namna moja ni tumbo la mimba. Ukilitamka kwa sauti ya namna nyingine ni chawa. Kwenye kijitabu cha Sista yote mawili yaliandikwa vilevile. Alikuwa amemuuliza mke wa mtu, mbele ya wanawake sita, chawa wake wana miezi mingapi.

Nilimbembeleza Yustina mpaka mlangoni, akakataa, akaenda kulisubiri lori sokoni. Mimi nikarudi ndani. Sijui nilipata wapi ujasiri ule. Nadhani ilikuwa hasira zaidi kuliko ujasiri. Nilimwambia Sista Hilda kwa Kiswahili alichokisema. Akakaa kwenye kitanda cha kupimia wagonjwa, uso wote mwekundu. "Nimewauliza hivyo wote," akasema. "Tangu mwezi wa pili." Kisha akaniomba nimtamkie hilo neno. Nikalitamka kwa namna mbili. Akaniomba tena. Nilirudia mpaka mdomo ukachoka, naye alikuwa ananitazama midomo kama kiziwi, na mwishowe akasema kwa unyonge, "Siisikii tofauti. Nakuamini ipo, lakini siisikii."

Yustina alijifungua kwa mama yake siku tisa baadaye, kwa shida, mtoto wa kiume. Mimi kwa wakati huo nilikuwa nimeshaajiriwa na Sista nimfundishe Kihaya. Hospitali ile ilikuwa na mashine ya kurekodi sauti ambayo jamaa za daktari waliituma kutoka Ulaya ili wawe wanatumiana salamu za Krismasi, ikaharibika njiani, ikawekwa stoo. Sista alimwita Salumu aje aitazame. Salumu alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano hivi, mwembamba, kanzu safi kila siku hata akiwa amelala chini ya gari la mtu. Alitengeneza redio na gramafoni mjini, katika chumba kimoja chenye rafu hadi darini. Aliifungua ile mashine, akaikalia siku tatu, siku ya nne akaniita niseme kitu. Nikasema jina langu. Akarudisha tepu nyuma, nikalisikia jina langu likitoka kwenye lile sanduku, kwa lafudhi ya Izigo iliyo wazi kabisa, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniambia.

Chumba chetu cha kazi kilikuwa stoo ileile, kwa sababu ilijaa mablanketi, na Salumu alisema blanketi linameza mwangwi. Tuliyatundika ukutani kwa misumari. Kulikuwa na meza moja, kiti kimoja, sanduku la dawa lililokuwa kiti cha pili, na harufu ya dawa ya kuulia nondo iliyoingia mpaka kwenye chakula. Chakula chenyewe nilikileta kutoka Kagondo, nilikokuwa naishi kwa mama yangu mdogo: ndizi na maharage kwenye bakuli lililofungwa kitambaa, au dagaa siku za Ijumaa. Jenereta ya hospitali iliwashwa saa tatu asubuhi hadi saa sita, na ndizo zilikuwa saa zetu. Mvua ikinyesha, tulikaa tu tukitazamana, maana bati lilipiga kelele kushinda kila kitu, na Bukoba mvua haina adabu. Tepu tulikuwa nazo tatu. Nyingine ziliagizwa, ila meli na treni zilikuwa na mwendo wao.

Kazi ilikuwa rahisi kuieleza. Mimi nilitamka neno, nikaacha nafasi, nikalitamka tena. Sista alisikiliza, akajaza ile nafasi kwa sauti yake. Uzuri wa mashine ni kwamba haichoki wala haikasiriki. Mimi nikilitamka neno mara ya thelathini nilikuwa nimeshaanza kulipotosha kwa uchovu. Mashine ililitamka mara ya thelathini kama ya kwanza. Salumu alipata ujanja wa kupunguza kasi, na kwa sauti ile nzito, iliyojivuta kama ya mlevi, Sista aliisikia tofauti kwa mara ya kwanza. Ilikuwa siku ya Jumatano. Alivua miwani, akasema neno hilo kwa namna zote mbili, moja baada ya nyingine, sawasawa. Nje, wanawake wa kwenye benchi walikuwa wanatusikia siku zote, na siku ile nilisikia mmoja akisema, "Kuna mwanamke humo ndani tangu mwezi uliopita anataja chawa tu. Hawamtibu kwa nini?"

Siku hizi mjukuu wangu aliye Dar es Salaam hunitumia sauti kwenye simu. Bibi, babu kwa Kihaya ni nani, bibi, nisemeje nikimkuta mzee njiani. Namjibu hapohapo jikoni, sauti inaruka kwenda. Hajui Kihaya, baba yake alimlea kwa Kiswahili na shule ikamlea kwa Kiingereza, na sasa amekuwa mtu mzima anakitaka. Ananiambia anazihifadhi sauti zangu zote. Namuuliza, zipo ngapi, anasema bibi hazihesabiki, nafasi ipo. Hilo la nafasi ndilo hunishangaza. Sisi nafasi haikuwepo, na kila kilichoingia kilikitoa kingine.

Sista alipoona sikio lake limefunguka kidogo, akasema lazima aende Izigo kumwomba radhi Yustina. Tulikwenda kwa gari la hospitali, yeye, mimi na Salumu, pamoja na mashine, betri ya gari na kisanduku ambacho Salumu alikiunda ili betri iweze kuiendesha. Yustina alitupokea kwa baridi. Mama yake, Kokutona, alitupokea kama watu waliochelewa. Alikuwa bibi mfupi, mweusi sana, anavuta kiko, na kauli yake ilikuwa kauli ya mtu aliyezoea kutiiwa na watu walio katika maumivu. Nilipiga magoti kumsalimu; Sista naye akapiga magoti, kwa shida, akasema maneno ya kuomba radhi aliyoyafanyia mazoezi wiki nzima. Kokutona akamsikiliza mpaka mwisho. "Huyu ameimba vibaya lakini wimbo ni wenyewe," akasema, na Yustina akacheka bila kutaka, akaenda kuleta kahawa ya kutafuna, ile anayopewa mgeni.

Mambo yote nitakayoyataja yalisemwa kwa Kihaya. Sista alimuuliza Kokutona, kupitia kwangu, yeye humwambia nini mwanamke aliye katika uchungu. Kokutona hakuelewa swali. "Namwambia habari," akasema. "Habari gani?" "Za maharage. Namuuliza mwaka huu umepanda wapi, yamekubali? Mbuzi wa jirani ameingia tena shambani? Akinijibu mpaka mwisho, bado, mimi natia moto kwenye kiko. Akianza kuniacha katikati ya jibu, najua. Nanawa mikono." Sista aliponielewa, alimgeukia Salumu akamwambia kwa Kiswahili, "Washa hiyo mashine tafadhali, washa sasa."

Tulikaa kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, mashine katikati yetu, na Kokutona akasema kwa muda mrefu. Alifanya sauti zote mbili, ya mkunga na ya mzazi. Kulikuwa na sauti ya kumuuliza msichana wa mimba ya kwanza, na nyingine ya kumuuliza mwanamke wa watoto saba, maneno yaleyale, lakini ya kwanza inamshika mkono na ya pili inamtania. Kulikuwa na namna ya kumwamuru mama mkwe atoke chumbani bila kumvunjia heshima. Alipomaliza alitaka kujisikia. Alisikiliza ameinamisha kichwa, na mahali fulani akainua mkono. "Simamisha. Hapo nimejipamba. Nimesema sijapoteza mtu. Nimepoteza wawili. Rudisha nyuma nilirekebishe." Salumu akarudisha. Kokutona akakaa kimya kidogo, kimya hicho kikaingia kwenye tepu, kisha akawataja wale wawili kwa majina, na akasema kwa kila mmoja ni saa ngapi alipaswa kutafuta gari na hakutafuta.

Tulipokuwa tunafunga vitu, Yustina aliniuliza kando, amempakata mtoto, "Hiyo sauti ya mawe itakaa?" Mawe ni mama. Nikamwambia itakaa. Nilisema kwa kujiamini kwa sababu nilikuwa mwalimu.

Kwa wiki nne niliisikiliza tepu ile kila asubuhi na kuiandika kwenye daftari, neno kwa neno, na tafsiri ya Kiingereza pembeni. Salumu alikuwa anakuja kusafisha vichwa vya mashine kwa pamba na spiriti. Alikuwa na desturi ya kuonya kwa mzunguko. Alinionyesha kitufe chekundu cha kurekodi mara nyingi kuliko ilivyohitajika. "Mwalimu, hiki ukikibonyeza, kilichokuwamo hakirudi. Si kama kufuta ubao, ubaoni chaki hubaki kidogo." Nilimwambia nimeelewa, sikuwa mtoto.

Mwezi wa tisa zikaja habari kwamba wauguzi wawili wapya wako njiani kutoka Uingereza, na Sista akataka wakute masomo tayari. Tepu zilizoagizwa zilikuwa hazijafika. Ya kwanza ilikuwa na masomo yangu ya mwanzo, salamu na viungo vya mwili. Ya pili ilikuwa na mazoezi ya maneno yanayofanana. Ya tatu ilikuwa ya Kokutona. Sista alikuwa anaenda Mwanza kwa wiki mbili, na asubuhi ya kuondoka aliniambia, "Andaa masomo ya wodi ya uzazi, lazima yarekodiwe. Futa ile unayoona tunaweza kuishi bila hiyo. Wewe ndiye mwalimu." Nilijua alikuwa anafikiria masomo yangu ya mwanzo. Salamu na viungo ningeweza kuvirekodi tena wakati wowote, nilikuwepo, mzima, kila siku saa tatu.

Nataka kuliandika hili bila kujipamba. Masomo yale ya mwanzo yalikuwa na sauti yangu ikiwa bora kuliko ilivyowahi kuwa. Daktari aliyasikiliza akanisifu mbele ya watu. Mama yangu mdogo aliletwa kuyasikia akalia. Nilikuwa nimesikia maneno barazani kwamba tepu za kwanza huenda zikapelekwa Ulaya, zikafundishie watu kule kabla hawajapanda meli, na nilikuwa nimeshajiona huko, sauti ya Leokadia wa Izigo katika chumba cha wazungu wanaotetemeka kwa baridi. Ya Kokutona ilikuwa na kikohozi, jogoo, na mlango uliolia. Tena nilikuwa nimeyaandika yote kwenye daftari. Hayo ndiyo niliyojiambia, na yalikuwa kweli, ndiyo maana yalinisaidia.

Salumu alikuwepo. Aliona gurudumu la tepu ninalolipachika kwenye mashine. "Hiyo ya bibi," akasema.

"Nimeyaandika yote."

"Una hakika?"

"Kila neno, kaka Salumu. Unaweza kulisoma daftari."

Alifuta mikono yake na kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Mimi si mwalimu," akasema, akatoka nje. Nikabonyeza.

Wauguzi wapya walifika, wasichana wawili wenye aibu. Anayehusika na habari hii aliitwa Joan. Sista aliporudi kutoka Mwanza aliuliza ni tepu ipi. Nikamwambia. Alisimama akishika mlango wa stoo, akavua miwani akaifuta, akasema, "Basi tutatumia daftari." Kwa siku kadhaa alinisemesha Kiingereza tu, kitu ambacho hakuwa akikifanya.

Tukalitumia daftari. Joan aliyakariri maneno ya Kokutona usiku na mchana, msichana wa watu, na siku ya kwanza alipopewa mzazi, mwanamke kutoka Kagondo, alisimama kando ya kitanda na daftari mkononi, akamsomea kuhusu maharage. Alisoma maneno yote, hakuruka hata moja. Yalitoka yamenyooka kama mstari, hayapandi hayashuki, maana kwenye karatasi hayakuwa na kupanda wala kushuka, mimi ndiye niliyeyaandika hivyo. Yule mwanamke akavuta shuka hadi kidevuni. Akanishika mkono akaniuliza, "Ananisomea ya wanaokufa? Padri ameshaitwa?" Ilinichukua muda mrefu kumtuliza. Alijifungua salama, lakini hakutaka Joan amguse tena, na Joan alikwenda kukaa nyuma ya jiko la hospitali akilia kwenye aproni yake. Nilimpelekea uji. Sikumwambia kwamba kosa halikuwa lake.

Habari za kifo cha Kokutona zilikuja na lori la kahawa wiki hiyohiyo. Aliugua siku nne tu. Yustina aliagiza maneno machache: matanga yataanuliwa siku fulani, watoto wake wote watakuwepo pamoja na wanawake aliowazalisha, na anaomba tuje na ile mashine ili wamsikie mama yao. Nilimtafuta Salumu dukani kwake. Alikuwa anakula futari, kwani siku ile alikuwa amefunga sunna, akanisogezea sahani ya tambi, nikashindwa kula. Nilimwomba aje nami. Alifikiri akasema, "Nikija mimi, watadhani mashine ipo kwenye gari. Nenda mwenyewe, mikono mitupu, wakuone."

Nilikwenda. Kibanja cha Kokutona kilikuwa kimejaa watu chini ya migomba, na wanawake walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea, wa rika zote. Yustina alinitoa nje hadi nyuma ya nyumba, kwenye jiko, ambako masufuria ya ndizi yalikuwa yanatokota. Akatazama mikono yangu. Nikapiga magoti nikamwambia. Nilimwambia yote: kwamba haikupotea kwa bahati mbaya, kwamba kulikuwa na nyingine ya kufuta, na kwamba nilichagua ya mama yake kwa sababu nyingine ilikuwa na sauti yangu. Majivu ya moto yalikuwa yananiunguza goti na sikulisogeza.

"Uliisikiliza mara ngapi?" akauliza.

"Sijui, dada. Wiki nne. Kila siku."

"Basi sema."

"Nisemeje?"

"Sema kama alivyosema. Ulisikiliza wiki nne."

Nikaanza, kwa sauti ndogo, nikitazama chini. Nilianza na msichana wa mimba ya kwanza. Nilishangaa kuona kwamba maneno hayakuja kutoka kwenye daftari; yalikuja na kikohozi, na mahali alipovuta kiko, na lile tone la kejeli aliposema mbuzi wa jirani. Yustina alifumba macho. Mara mbili alinisimamisha. "Hapo hakushusha hivyo. Anabaki juu, anasubiri." Nikarudia. "Tena." Nikarudia. Nilipofika kwa wale wawili waliokufa nilinyamaza kwa muda alionyamaza yeye, na nilipoinua macho kulikuwa na wanawake wanne mlangoni wenye sahani mikononi. Yustina alijifuta uso kwa mkono. Hakusema amenisamehe, na hata miaka ya baadaye hakuwahi kulisema neno hilo. Alisema, "Nimekusikia. Ingia ule."

Siku kumi baadaye nilikuwa stoo nikipanga mablanketi, mlango ukafunguliwa bila hodi. Yustina, mtoto mgongoni, kikapu cha ndizi kichwani. "Hao wasichana wako wapi?" akauliza. Sista Hilda alimkuta amekaa kwenye kiti chetu kimoja, akamsalimu kwa Kihaya bila kukosea, na wakaongea wao wawili kwa kitambo bila kuniita nitafsiri. Tangu siku ile Yustina alikuja kila wiki, analala nasi Kagondo, mchana yuko wodini na Joan na mwenzake. Hakuwa mwalimu mpole. Alimpiga Joan kofi mkononi kila alipotamka vibaya, akaniambia mimi nitafsiri kwamba mama yake alimpiga vilevile. Tepu mpya zilipofika, nane ndani ya boksi, alikataa kwanza tusimweke humo. Kisha akakubali kwa sharti lake: arekodiwe akiwa kazini tu, na wasichana wasiruhusiwe kuisikiliza tepu kabla hawajamsikiliza yeye. Sista alikubali. Nilitengeneza masomo upya, sauti ni yake, mimi nikabaki wa kubonyeza na kuandika majina juu ya kila gurudumu, siyo juu ya boksi lake tu. Nilikwenda pia na Salumu hadi Izimbya kwa wakunga wengine wawili. Mmoja alituruhusu kurekodi. Wa pili alikataa mashine isivuke mlango wake, nikaiacha garini, nikakaa kwake siku mbili nikimsikiliza hivyohivyo.

Kuhusu zile tepu, sijui ziko wapi. Nilisikia baadhi zilipelekwa Ulaya kweli, na nyingine ziliharibiwa na unyevu. Ninayoikumbuka zaidi ni moja ya mwisho wa mwaka. Tulikuwa wodini adhuhuri, mashine juu ya meza ya dawa ikiendeshwa kwa betri, mzazi ni mwanamke wa mtoto wa tano. Kwenye tepu ile unamsikia Joan akiuliza habari za shamba, polepole, sauti inapanda panapopanda, inashuka panaposhuka, na mwanamke anamjibu na kumlalamikia mvua kama anavyomlalamikia shemeji yake. Wanazungumza hivyo kwa muda. Unamsikia Yustina akikohoa. Kisha mwanamke anaanza sentensi nyingine, inakatika, kuna vishindo vya miguu, na Yustina anasema karibu kabisa na maikrofoni, "Leokadia, zima hiyo. Mgongo wake hauna mtu."

Nikazima. Yaliyofuata hakuna tepu iliyoyashika. Nilipanda kitandani nyuma ya yule mwanamke, nikamkumbatia mgongo kama nilivyoelekezwa, nikahisi uzito wake wote ukinirudia kifuani, na nikaanza kumuuliza jina la mbuzi wake.